Kinyonga Aliyemlaza Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, nina ombi moja kabla sijaanza. Kama unapukuchua maharage, acha. Najua utaniambia kwamba mikono inapukuchua na masikio yanasikiliza, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Maneno hayo niliyasikia kwa mama mkwe wangu miaka yote niliyokaa naye Nyabiyonza. Na ni habari zake ninazotaka kukueleza, polepole, ili uone jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kushindwa na jambo dogo kama kujilaza chini.

Niliolewa pale mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, na migomba ilisongamana hivi kwamba jirani humwoni, unamsikia tu akikohoa. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi mwenye shingo ndefu, kama mtu anayetafuta kazi iliyojificha. Alfajiri, nikiwa ninafungua jicho moja, yeye alikuwa amekwisha kurudi kisimani.

Kwake yeye kulima tu ndiko kulikokuwa kazi. Kupalilia hakukuwa kazi, kulikuwa kutembea shambani umeinama. Kupukuchua maharage kulikuwa kukaa. Kusuka mkeka kulikuwa kupumzika. Na kwa kuwa alikaa na kupumzika namna hiyo tangu kunapopambazuka hadi giza, hakuelewa kwa nini watu wanamwambia apumzike. Hata Jumapili tukitoka kanisani alirudi aking'oa magugu ya njiani. Mchungaji alipomkumbusha kwamba hii ni siku ya Bwana, alimjibu kwa heshima zote kwamba magugu hayo si ya shamba lake, ni ya barabarani, kwa hiyo ni sadaka.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Jioni ukimbonyeza juu ya kifundo, kidole kiliacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Usiku hakulala vizuri. Nilimsikia akigeuka, akihesabu kwa sauti ndogo kazi za kesho. Na wakati huohuo ikaja habari kutoka Mabira: binti yake wa mwisho, aliyeolewa huko, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama wa binti mwenye mimba lazima awepo siku za kujifungua. Nani mwingine angemkanda tumbo, angempikia uji, angemlaza? Lakini Mabira ilikuwa mbali, milima juu ya milima, na ilibidi kulala njiani.

Tulimpeleka kwa dresa, yaani mhudumu wa tiba wa zahanati. Dresa alimbonyeza miguu, akatikisa kichwa.

"Mama, miguu hii haifiki Mabira."

"Itafika. Anayeitembeza ni mimi."

"Basi kila siku, jua likiwa utosini, jilaze. Miguu iwe juu kuliko kifua. Chumvi kidogo. Usiku lala mapema. Asubuhi tembea kidogo bila mzigo kichwani."

"Bila mzigo? Nitembee kama nani?"

"Kama mtu anayetaka kumwona mjukuu."

Hapo aliinuka tuondoke. Njiani tulimwambia kwamba tunaweza kutafuta vijana wa kumbeba kwa machela. Alisimama katikati ya njia. "Nifike kwa wakwe nimebebwa? Watasema binti yangu ameletewa maiti amlee pamoja na mtoto. Ama nifike kwa miguu yangu, ama nisiende."

Kesho yake nilimtandikia mkeka chini ya migomba, nikaweka gogo la kuegemeza miguu. Jua lilipofika utosini nilikwenda kumtazama. Kweli alikuwa amelala chali, miguu ipo juu ya gogo. Juu ya tumbo alikuwa ameweka ungo, anachambua ulezi.

"Mama, dresa alisema ulale."

"Si nimelala? Au ulezi nao una miguu?"

Niliuondoa ungo. Nilipogeuka tu, mkeka ulikuwa mtupu, na kutoka upande wa mibuni nikasikia jembe. Nilimfuata, nikamsihi kwa jina la binti yake. Aliegemea mpini, akanitazama bila hasira. "Mwanangu, wewe ni mgeni, huwajui wanawake wa kilima hiki. Wakiniona nimelala mchana, kesho watakuja kunisalimia kwa sauti ya chini."

Nilikata tamaa. Kila jioni nilibonyeza kifundo, na kila jioni shimo lilikuwa na kina zaidi.

Halafu ikaja mvua ya mawe.

Hapa lazima nikueleze jambo. Kwetu Karagwe jembe lilikuwa na siku zake za kulala. Mtu akifa jirani, jembe halilimi. Mvua ya mawe ikipiga, siku inayofuata jembe halilimi pia, wala hakuna kupalilia, wala kupukuchua, maana mazao yamepigwa na yanahurumiwa kama mtu aliyefiwa. Ukilima, unayaita mawe yarudi. Mama mkwe, pamoja na ubatizo wake na kiti chake cha mbele kanisani, hakuthubutu kuvunja mwiko huo. Aliketi kwenye nyasi tulizotandika sakafuni, akaegemea ukuta. Mikono ilitafuta kitu cha kushika, ikakosa, ikaanguka mapajani. Muda si muda alikuwa anakoroma, na hakuamka hadi kuku walipoanza kurudi.

Jioni nilibonyeza kifundo. Shimo lilikuwa dogo, na lilijaa upesi.

Nilikaa jikoni nikitafakari. Mvua ya mawe haiji kwa kuagizwa. Lakini mwiko je?

Mtu aliyezijua mila zote za kilima kile alikuwa baba mkwe. Watu walitoka hata Kayanga kuja kumuuliza. Shida ni kwamba siku zile mke wa mwana na baba mkwe hawakutazamana usoni, wala hawakusemezana. Nikimwona anakuja njiani, naingia migombani. Akiniona nipo jikoni, anakohoa mara mbili na kupita nyuma ya nyumba. Sasa utapangaje hila na mtu ambaye mila inakukataza kumwambia hata "habari za asubuhi"?

Nilikwenda kwa mbuzi. Alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, na upande wa pili wa ua wa matete baba mkwe alikuwa ameketi anachonga mpini wa jembe.

"Ee mbuzi," nilisema kwa sauti, "unajua kwamba mama akilala mchana miguu inapungua?"

Kisu kilinyamaza. "Ee mpini," baba mkwe akauambia mpini, "hata mimi nimeona. Lakini mama halali."

"Ee mbuzi, siku ya mwiko alilala."

Kisha nikasikia kicheko kikimezwa kabla hakijatoka. "Mpini wangu wee, hivi zamani hapakuwa na mwiko wa kinyonga?"

"Mbuzi hajui," nikasema. "Mbuzi ni mgeni hapa, ameolewa juzi tu."

Asubuhi iliyofuata baba mkwe aliingia kutoka shambani na uso wa msiba. Mimi nilikuwa jikoni, nimegeukia majivu.

"Nimekutana na kinyonga," alisema. "Amevuka njia kutoka kushoto."

"Basi?" akauliza mama mkwe, jembe liko begani.

"Anauliza basi! Enzi za bibi yangu, kinyonga akivuka kutoka kushoto msimu wa kupanda, mwanamke mkubwa wa nyumba hakugusa jembe wala ungo hadi kesho yake. Alijilaza tu. Na miguu aliiinua, isiguse ardhi iliyokanyagwa na kinyonga."

"Aliiinua miguu?"

"Aliiinua."

"Sana?"

"Kuliko kifua."

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama ndizi kama imeiva. Kisha akashusha jembe, akaliegemeza ukutani. "Mwiko ni mwiko," akasema, akajilaza.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini sikuwa nimemaliza kutabasamu nikiyatazama majivu yangu, sauti ikatoka mkekani.

"Mzee, umesahau nusu."

"Nusu gani?"

"Ya mwanamume. Bibi yako nilimuuguza mimi hadi siku yake ya mwisho, alinieleza yote. Mwanamke mkubwa akijilaza, mwanamume mkubwa huchota maji. Kwa mtungi."

"Bibi hakusema..."

"Kichwani."

Baba mkwe angefanya nini? Angesema mwiko huo haupo, wakati yeye ndiye aliyeuleta? Alichukua mtungi. Kisimani wanawake waliacha kuchota, wakajipanga kando ya njia.

"Shikamoo baba. Je, mama amefariki?"

"Marahaba. Hajafariki. Kuna kinyonga."

Baada ya hapo, kwa taarifa za baba mkwe, wanyama wote wa Nyabiyonza walianza kutupitia njia. Nyuki walipotua kwenye mti wa mbuni, mama mkwe alijilaza, na akakumbuka kwamba siku ya nyuki mtoto wa kiume wa nyumba ndiye humenya ndizi. Mume wangu alimenya. Mama yake alimtazama kutoka mkekani. "Unamenya au unachonga mtumbwi? Hiyo uliyotupa ndiyo tuliyotaka kula." Panzi alipoingia nyumbani, akakumbuka kwamba siku ya panzi chakula hutiwa chumvi kidogo tu. Kunguru alipotua kwenye paa, akakumbuka kwamba mke wa mwana hulala kando ya mama mkwe ili wasimamizi wa mwiko wasimwone yuko peke yake. Hao wasimamizi ni akina nani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Hivyo nami nikalazwa, na ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilidhani nalijua. Nikueleze, maana huenda nawe umejaribu kupumzika ukashindwa, ukadhani una kasoro. Huna. Siku za kwanza mwili unakataa. Unasikia kila kuku, unakumbuka kila chungu ambacho hakijaoshwa, mguu unawasha, sikio linawasha. Ukiinuka hapo, umeshindwa. Ukivumilia kidogo bila kupigana na mawazo, ukayaacha yapite kama wapita njia wasiokudai salamu, inafika mahali unaanza kusikia majani ya migomba yakisuguana. Halafu miguu inakuwa mizito. Usingizi uko hapo hapo, umekuwa ukikusubiri. Na ukiamka, kazi ile iliyokukalia kifuani imerudi kuwa kazi tu.

Miguu ya mama mkwe ilianza kuonyesha mifupa yake. Usiku akaacha kuhesabu kazi. Asubuhi alitembea hadi kwenye mti wa mwisho wa kibanja na kurudi bila kitu kichwani, ingawa kwa aibu alishika jani la mgomba mkononi ili aonekane anakwenda mahali. Hata kuku aliacha kugombana nao.

Kosa letu lilikuwa moja: tulisahau kisima kina masikio. Wanawake waliomwona baba mkwe na mtungi walikwenda nyumbani na habari za kinyonga. Na baba mkwe akisema jambo ni mila, nani wa kulipinga? Nyumba ya jirani kinyonga akavuka. Nyumba ya pili wakavuka wawili. Mpaka ikafika asubuhi moja ya msimu wa kupanda maharage ambapo kilimani kote halikusikika jembe, na njia ya kisimani ilikuwa imejaa wanaume wenye mitungi, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikuja akiwa na maji yanayomdondoka begani.

"Mzee," alimwambia baba mkwe uani, "kinyonga wako amefika kwangu. Mke wangu amelala, miguu juu. Maharage hayajapandwa. Mimi nina umri huu, sijawahi kuusikia mwiko huo. Umetoka wapi?"

Nilikuwa nyuma ya ua, karibu na mbuzi. Elewa hali ilivyokuwa. Baba mkwe akisema ametunga, hakuna mtu angemwamini tena katika jambo la mila. Na mama mkwe, ikijulikana kilimani kote kwamba alilazwa kwa hila kama mtoto, angechukua jembe siku hiyohiyo na asingeliachia tena. Miguu ingerudi kuvimba, na safari ya Mabira ingeishia hapo. Mwezi wa kujifungua ulikuwa karibu.

Baba mkwe aligeukia upande wa mbuzi. Mimi na mbuzi tulitazamana.

"Umetoka kwangu," ikasema sauti ya mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. "Mkungu, karibu, keti. Mwiko huu unatoka kwangu, mzee ameutangaza tu. Na watu wameuchukua vibaya. Haukatazi kulima asubuhi, haukatazi kulima jioni. Unakataza jua likiwa utosini. Saa hizo mwanamke hujilaza."

"Mke wangu miguu yake haijavimba kama yako," mkungu akasema.

"Unangoja ivimbe?"

"Lakini kazi..."

"Mkungu, nikuulize kwa heshima. Jua likiwa utosini, ninyi wanaume huwa mko wapi?"

Mkungu alikohoa. Kutoka migombani, ambako majirani walikuwa wamejibanza, sauti ya mwanamke ikajibu kwa niaba yake: "Kwenye pombe ya rubisi! Chini ya kivuli! Wamejinyoosha!" Migomba yote ikacheka. Mkungu naye akacheka, maana afanyeje, akapewa kahawa za kutafuna, akaondoka ametangaza kwamba majembe yalime asubuhi na jioni, na mchana kila nyumba ijue yenyewe.

Uani tulibaki sisi. Baba mkwe akageukia mpini wake, mimi nikamgeukia mbuzi.

"Na ninyi wawili," mama mkwe akasema, "mmoja aache kuongea na mbuzi na mwingine aache kuongea na mti. Mnadhani sikusikia? Ua ule niliujenga mimi. Unapitisha hata pumzi."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, kumbe ulijua tangu kinyonga?"

"Tangu mbuzi. Ila panzi ndiye aliyenichekesha. Mzee kwa uongo hajambo, lakini alikuwa ameishiwa na wanyama."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Aliketi, akanyoosha miguu mbele yake, akaitazama kama watu waliorudi safari. "Dresa alinipa sababu ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa, ni mtu mwenye kazi. Ninyi mkanipa sababu ya heshima. Nikajilaza. Sasa nimekwisha kujua ladha yake, sihitaji sababu tena." Kisha akamgeukia mumewe. "Maji utaendelea kuchota. Hilo lilikuwa zuri."

Tulikwenda Mabira mimi na yeye, na kijana mmoja wa mzigo. Tulitoka kungali baridi, tukatembea kwa utaratibu. Jua lilipopanda tulisimama kwenye kivuli cha kwanza, akajilaza pembeni ya njia, mbele ya wapita njia wote, akawaitikia salamu zao bila kufungua macho. Tulilala njiani kwa watu, na kesho yake mchana, miguu ina vumbi lakini haina uvimbe, aliingia ua wa wakwe zake akitembea.

Binti yake alikuja mbio, tumbo mbele, jembe bado mkononi. Mama wa mume naye akatoka na mkeka wa wageni, na salamu zikawa ndefu kama zilivyopaswa kuwa. Nilikuwa ninasubiri mama mkwe aombe ungo, au ulezi, au chochote cha kushika. Alilipokea jembe kutoka mkononi mwa binti yake, akalilaza nyuma ya mlango.

"Mkwe wangu," akamwambia mwenyeji wake, "umenipokea vizuri sana. Sasa jua liko utosini. Mimi nalala, na huyu mwenye tumbo atalala hapa karibu nami. Nawe kama una nafasi, mkeka ni mpana."

Mwenyeji alibaki ameshika mlango. Katika maisha yake hakuwahi kuona mama wa binti anayefika ugenini na kuomba kulala. Alitazama nje kama kuna mtu anayemwona. Hakukuwa na mtu. Akaketi ukingoni mwa mkeka, kwanza kwa adabu, kisha akajinyoosha, na kabla sijamaliza kunywa maji wote watatu walikuwa wanapumua kwa pamoja. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, wa kike, mnene, kwa mama aliyekuwa amepumzika. Bibi yake alimkanda, alimpikia uji, na kila siku baada ya chakula cha mchana alifunga mlango.

Basi nawe fanya hivi. Kesho, ukishamaliza kula mchana, tandika mkeka karibu na ukuta. Jilaze chali, inua miguu uiegemeze ukutani au juu ya mto, mikono iache tupu. Usiondoke unapoanza kuwashwa. Subiri kidogo, ipite. Baki hapo hadi miguu iwe mizito. Mtu akikuuliza unafanya nini, mwambie unapumzika.